Kupasua magogo makubwa ya kuni bila kuumia: mwongozo kamili

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Februari, malori huanza kumwaga magogo nyuma ya majiko ya shule za Tororo, Mbale na Busia, mashariki mwa Uganda. Mengi ni ya mkaratusi, mengine ya mwembe uliozeeka au mgrevilea uliokatwa mpakani mwa shamba. Yanashuka mazima, na anayepewa kazi ya kuyapasua ni kijana mwenye shoka moja mkononi na kandambili miguuni. Mwongozo huu ni wa kijana huyo, na wa yeyote mwenye gogo uani ambalo amekuwa akilizunguka tu tangu mwezi uliopita.

Watu huogopa shoka, na wana haki. Ila katika kazi hii wengi huumia kabla shoka halijainuliwa, au baada ya kukwama. Gogo linarudi nyuma na kukanyaga kidole. Kichwa cha kabari kinamegeka na chuma kinaruka usoni. Mtu ananyanyua kipande ambacho angekiviringisha, halafu mgongo unamlaza siku tatu. Ndiyo maana nasema gogo kubwa halishindwi kwa nguvu: linapunguzwa. Unalimega pembeni kidogo kidogo, na katikati unapafikia mwisho, likiwa limeshakuwa dogo.

Jua uzito wa kitu ulicho nacho

Mkaratusi mbichi una uzito unaokaribiana na wa maji, na wakati mwingine unazidi. Hesabu basi ni rahisi: mita moja ya ujazo ni kama kilo 1,000. Kipande chenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa sentimita 40 kina kilo 50 hivi, sawa na mfuko wa saruji. Kipenyo kikifika sentimita 60 kwa urefu ule ule, una kilo 110 mbele yako. Gogo la mita 2 lenye unene huo linapita kilo 550. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nne, na hapo ndipo macho yanapomdanganya mtu. Gogo linaonekana limezidi lile la jana kidogo tu, kumbe ni zito mara mbili.

Kanuni yangu: kipande kinachozidi kilo 25 hakinyanyuliwi. Kinaviringishwa, au kinapasuliwa pale pale kilipolala.

Vifaa

Shoka la kupasulia ni tofauti na la kukatia. La kukatia lina ubapa mwembamba unaozama kwenye mti na kung'ang'ania humo. La kupasulia ni nene, mashavu yake yamejaa, nayo ndiyo yanayosukuma mti ukafunguka. Lipo pia shoka la kienyeji, lile ambalo mkia wa chuma umepenyezwa kwenye kichwa cha mpini. Kila pigo linalikaza zaidi, kwa hiyo kwa kukata matawi ni zuri sana. Kwa gogo kubwa lina kasoro mbili: ukilipinda ili kulichomoa linalegea, na halina kisogo cha kugongea kitu chochote.

Kagua mpini kila asubuhi. Shika kichwa cha shoka, tikisa, sikiliza. Kikicheza, usianze kazi. Kuna wanaoloweka shoka kwenye ndoo usiku ili mti uvimbe ukaze. Unakaza kweli, lakini kwa muda tu. Jua likishaukausha unalegea kuliko mwanzo, na kichwa kinachomoka kikiwa hewani. Dawa ni kupigilia upya kijikabari cha mti mgumu mkavu kwenye jicho la shoka, au kuweka mpini mpya.

Kabari za chuma zisipungue mbili, na zikiwa tatu utafanya kazi kwa raha. Mhunzi yeyote mzuri, au mafundi wa Katwe pale Kampala, atakufulia kutoka kwenye ekseli ya gari kuukuu. Mwambie jambo moja ambalo wengine husahau: asikizamishe kichwa cha kabari kwenye maji kikiwa chekundu. Chuma kilichozimwa hivyo kinakuwa kigumu mno, na kikigongwa kinamegeka vipande vinavyoruka kwa kasi. Ncha ndiyo inayohitaji ugumu, kichwa kibaki laini. Kwa kuwa ni laini, kitatanuka kadiri unavyokigonga mpaka kiwe kama uyoga, chenye kingo zilizochanika. Kingo hizo ziondoe kwa tupa mapema, kwa sababu ndizo zitakazochomoka siku nyingine.

Kugongea kabari, tafuta nyundo kubwa ya kilo 4 hivi, ile ya wapasua mawe. Usigonge kabari kwa kisogo cha shoka, na usigonge shoka kwa nyundo. Chuma kigumu kikipigana na chuma kigumu, atakayelipa ni jicho lako.

Ongeza mtaimbo au nguzo imara ya mita 2, fito tatu nene za mviringo, mawe ya kuzuilia na tairi kuukuu la gari. Miguuni vaa buti ngumu. Kama huna, gambuti ni bora kuliko kandambili, ingawa hazizuii makali ya shoka, zinazuia vibanzi, nge na mwiba tu. Miwani ya kukinga macho haina mbadala. Glavu ni za kubebea na kupanga. Ukipiga shoka ukiwa na glavu za kitambaa laini, mpini unateleza, na kichwa cha shoka kinakwenda kisikotakiwa.

Kulisogeza gogo

Kabla ya kuligusa, ligonge kwa mtaimbo kichwani na ubavuni, kisha subiri. Magogo yenye uwazi ndani hukaa nyuki, na nyuki wetu hawana subira. Ukisikia mvumo, ondoka na uwaite warina asali. Chini ya gogo lililokaa muda mrefu hupenda kulala bafe, nyoka mnene mvivu ambaye hakimbii hata ukimkaribia. Usiingize mkono chini ya gogo kwa sababu yoyote ile. Likiinuliwa liinuliwe kwa mtaimbo, wewe ukiwa mbali nalo urefu wa mtaimbo huo.

Kisha tazama mteremko. Ardhi inayoonekana tambarare kwa macho si tambarare kwa gogo la nusu tani. Weka mawe upande wa chini kwanza, ndipo uanze kusukuma. Wewe na wenzako kaeni upande wa juu au kwenye ncha, asiwepo mtu upande linakoelekea, hata yule anayejisifu kwamba atalizuia kwa mguu.

Kulisukuma, chomeka mtaimbo chini ya gogo, weka jiwe la kuegemea karibu kabisa na gogo, kandamiza upande wa pili kwa uzito wa mwili. Jiwe likiwa karibu na gogo, nguvu yako inazidishwa. Likiwa mbali, unajichosha. Mtaimbo usiwekwe katikati ya miguu yako wala chini ya kidevu, kwani gogo likirudi, mtaimbo unapaa.

Kwa masafa marefu, lipandishe juu ya fito zile tatu na ulisukume, fito zikibingirika chini yake. Fito ya nyuma ikibaki huru, ihamishie mbele kwa kuisukuma na kijiti. Wengi wamepoteza kucha kwa kuirekebisha fito kwa mkono huku gogo likiendelea kutembea.

Kulipandisha kwenye jukwaa au lori, egemeza nguzo mbili imara, chukua kamba mbili, funga ncha moja ya kila kamba juu, pitisha kamba chini ya gogo, zirudishe juu na mvute kutoka huko. Kamba ikizunguka hivyo, nguvu inayotakiwa inapungua karibu nusu. Kila linapopanda hatua, mtu mmoja aweke kizuizi kutoka pembeni, si kutoka nyuma.

Kulikata vipande

Pima mdomo wa jiko kwanza. Majiko mengi ya nyumbani yanatosheka na kuni za sentimita 35 hadi 40. Ya shule hutofautiana, na nimewaona watu wakikata lori zima kwa urefu usioingia jikoni, kisha kazi ikaanza upya.

Wengi hukodi mtu mwenye msumeno wa mnyororo. Mwache afanye kazi yake, na asiye na mafunzo asiuombe ajaribu. Ncha ya juu ya msumeno ikigusa mti, mashine nzima inaruka nyuma kuelekea uso wa aliyeishika, kwa kasi ambayo hakuna mkono wa kuizuia. Wengine wote wakae mbali, hatua kumi angalau, na gogo lisishikiliwe kwa mguu wala mkono wa mtu.

Ukikata kwa msumeno wa mkono wa watu wawili, au ukimsimamia mwenye mashine, angalia gogo limeegemea nini. Likiwa limeshikwa ncha zote mbili na katikati kuna uwazi, upande wa juu umebanwa na wa chini umevutwa: kata theluthi kutoka juu, umalizie kutoka chini. Likiwa limeshikwa ncha moja na nyingine inaning'inia, ni kinyume chake: theluthi kutoka chini, umalizie juu. Ukikosea mpangilio huo, gogo linauma msumeno, au linapasuka kwa urefu na kumrukia mkataji. Likiwa limelala chini lote, kata mpaka robo tatu ya unene, liviringishe, kisha malizia upande wa pili, ili msumeno usile mchanga.

Kukisoma kipande

Hapa ndipo fundi na mbabaishaji wanapoachana. Kabla ya pigo la kwanza, kisimamishe kipande na ukitazame kichwani. Mkaratusi hukua ukiwa umejikaza kwa ndani, ndiyo maana ukikatwa tu, nyufa huanza katikati na kutawanyika kuelekea gome. Nyufa hizo ndizo njia. Mti umeshakuonyesha unapotaka kufunguka, fuata hapo.

Kisha tazama ubavuni, utafute mafundo. Fundo ni mzizi wa tawi, na nyuzi za mti zimelizunguka badala ya kupita moja kwa moja. Elekeza pigo mbali nalo. Upande wenye mafundo mengi uwe chini, upande safi uwe juu. Gome likionyesha mistari inayozunguka kipande badala ya kushuka wima, tarajia ukaidi: nyuzi zimejisokota, na ufa utapinda nazo.

Panda, yaani pale shina linapogawanyika, mimi sipasui. Nyuzi za matawi mawili zimefumana humo, na nguvu utakayomaliza kwenye panda moja ingepasua vipande vitano vya kawaida. Ziweke kando, nitazirudia.

Mkaratusi upasue ungali mbichi. Ukikauka ukiwa mzima, unakuwa mgumu ajabu, na yule aliyengoja ukauke ili ulainike atanunua mipini miwili.

Kupasua

Safisha uwanja. Duara la hatua tano lisiwe na mtu, mtoto, kuku, kamba ya nguo wala tawi juu ya kichwa. Watoto huvutwa na sauti ya shoka, kwa hiyo usitegemee kuwaambia mara moja. Chora mstari kwenye vumbi na umpe mkubwa wao jukumu la kuulinda.

Kipande kidogo kiweke juu ya kigogo cha kupasulia chenye kimo cha sentimita 30 hadi 40. Kazi ya kigogo ni kupokea shoka likikosea, maana bila hicho linaingia kwenye udongo au kwenye muundi wako. Kipande kizito kiache chini, kwenye udongo, usikipandishe popote. Kama tairi linakizunguka, kivishe tairi hilo kikiwa kimesimama: vipande vitakavyopasuka vitabaki vimesimama ndani yake, hutainama kuokota kila baada ya pigo, na havitaruka miguuni.

Simama miguu ikiwa sawasawa, imeachana upana wa mabega, hakuna mguu uliotangulia mbele. Nyoosha mikono, gusa kipande kwa makali ya shoka pale unapotaka litue, rekebisha umbali. Ukiwa mbali mno, shoka linaangukia upande wako. Ukiwa karibu mno, mpini unagonga ukingo wa kipande na kuvunjika shingoni. Nyanyua moja kwa moja juu, mkono mmoja ukiteleza kuelekea kichwa cha shoka, kisha ushuke tena kwenye mpini wakati wa kupiga. Shoka linapotua, kunja magoti. Kitendo hiki kidogo ndicho kinachookoa miguu: makali yanashuka wima kuelekea chini badala ya kuchora duara kurudi kwako. Macho yabaki pale pale unapopiga.

Sasa kipande kikubwa, cha sentimita 50 kwenda juu. Kijana mwenye nguvu atapiga katikati. Shoka litadunda au litazama likwame, atachomoa, atapiga tena, na baada ya robo saa atakuwa amechoka na kipande kipo. Badala yake, piga sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye gome, makali yakiwa sambamba na ukingo. Bapa litatoka. Zunguka hatua moja, toa jingine. Baada ya mzunguko mmoja, duara limekuwa pembe nane na limepungua. Zunguka tena. Kiini kikibaki na upana wa sentimita 25 hivi, ndipo ukipige katikati, ukifuata nyufa. Hapo kitafunguka kwa pigo moja au mawili.

Kwa gogo refu lisilokatwa, tumia kabari. Lizuie kwa mawe pande zote mbili. Anza kwenye ufa wa kichwani: ishike kabari, igonge kwa nyundo ndogo mpaka isimame yenyewe, toa mkono, ndipo uchukue nyundo kubwa. Mtu mwingine asikushikie kabari, hata kama ni ndugu yako na mnaaminiana. Ufa ukifika ubavuni juu, weka kabari ya pili humo, mbele kidogo. Ikizama, ya kwanza inalegea. Ihamishe iwe mbele ya ya pili. Zinafuatana hivyo mpaka mwisho wa gogo. Nyuzi zitakazobaki zimeshikana zikate kwa shoka kutoka pembeni. Vidole visiingie kwenye ufa kamwe, hata kuchomoa kibanzi, kwa sababu kabari ikiruka ufa unajifunga papo hapo.

Shoka likikwama

Usilipinde kushoto na kulia. Gonga ncha ya mpini kuelekea chini kwa kiganja, kisha uuinue, ukienda na mwelekeo wa makali. Likikataa, pigilia kabari pembeni yake kwenye ufa ule ule, na shoka litaachiwa. Wapo wanaonyanyua shoka pamoja na kipande na kukibwaga kwa kisogo. Kwa kipande cha kilo chache sawa, lakini kilo 30 juu ya kichwa, zikishikiliwa na chuma kilichokwama nusu, ni ujinga.

Ukihisi mapigo yameanza kupotea, kaa chini, kunywa maji. Uchovu unaanza kwenye shabaha kabla ya mikono. Malwa, pombe ya ulezi, isubiri mpaka shoka limerudi ndani.

Miti yenye visa vyake

Mwembe una utomvu unaowasha ngozi za watu wengi. Osha mikono kabla ya kugusa uso. Mvule ni mti wa mbao, kuuchoma ni hasara, lakini mabaki yake yakikufikia jua mambo mawili: vumbi lake linakera pua na ngozi, na ndani unaweza kuwa na jiwe halisi, chokaa iliyoganda, linalovunja meno ya msumeno. Mti wa aina ya mnyaa, wenye maziwa meupe, usiupasue wala kuupikia. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kupofusha kwa muda, na moshi wake unaumiza macho. Yakikurukia, osha jicho kwa maji mengi safi bila kukoma huku ukipelekwa hospitali.

Kuhusu magogo yenyewe, uliza yametoka wapi. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu ya Uganda iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kaskazini, mti wa shea unalindwa. Afisa misitu wa wilaya atakujibu bure.

Mtu akiumia

Jeraha la shoka: kandamiza kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia kila dakika. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Mlaze. Damu ikiruka kwa mapigo na isitulie ukikandamiza, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, kaza mpaka damu isimame, andika saa, na mpeleke hospitali mara moja. Usitie udongo, mafuta ya taa wala majani. Hata jeraha dogo lipelekwe kituo cha afya kwa sindano ya pepopunda.

Chuma au kibanzi kilichochoma jicho hakichomolewi nyumbani. Funika jicho bila kulibana, nenda hospitali. Aliyeumwa na nyoka atulie, asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba, apelekwe haraka.

Kupanga

Panga kuni juu ya nguzo mbili ili mchwa na unyevu visizifikie, juu funika, pembeni acha upepo upite. Rundo lisipite kifua, maana watoto hupanda. Kuni iliyokauka ina nyufa kichwani, ni nyepesi, na ukigonga mbili hulia kwa sauti kali badala ya kudunda. Lundika za msimu mpya peke yake ili mpishi asizichanganye na zilizokauka. Zile panda zilizokataa kupasuka ziweke karibu na mlango wa jiko: mpishi atazitaka siku ya maharage, kwa kuwa zinawaka polepole na hazimlazimu kuchochea kila mara.